Tumbo la Mama Nafula

Jumatatu, 3 Februari

Matumbo ya leo yalikuja machafu. Nimeyaosha mpaka vidole vikafa ganzi. Achieng, anayenisaidia kibandani, akakata vitunguu, akawasha jiko la pili. Wateja wa mchana walikuwa wengi, vijana wa gereji na wapakiaji mizigo. Supu iliisha mapema. Siku nzuri hapa soko la Burma.

Mimi sikula. Vijiko viwili tu nikashiba kama niliyemaliza sufuria. Ni wiki nyingi sasa. Na mkojo haunipi nafasi. Achieng anasema nimekuwa kama bomba bovu.

Baba Nafula, mume wangu, alipiga simu kutoka Voi. Wanabadilisha vyuma vya reli, hatakuja mpaka mwisho wa mwezi. Aliuliza hali. Nikasema salama.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudi tena kwenye ile kliniki ya karibu. Kwanza waliniambia ni gesi. Halafu amiba. Leo ni vidonda vya tumbo. Yule kijana aliandika dawa bila kunigusa. Nilimwambia kiuno kinauma na nguo zinanibana. Akasema nipunguze chai.

Nimepunguza chai.

Jumatano, 12 Februari

Sketi ya kanisa haifungi. Nimeifunga kwa pini, leso juu yake. Cha ajabu ni kwamba mikono imekonda. Shingo imekonda. Ni tumbo tu linalokuja mbele, gumu, limekaza kama ngoma. Nikigonga upande linajibu kama mtungi uliojaa.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada mama mmoja wa ushirika alinishika mkono akaninong'oneza kwamba Mungu hana mpaka wa umri. Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa.

Agneta alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu ni dada ya mume wangu, anakaa safu ya nyumba zilizo nyuma yetu hapa mtaani Kaloleni, Nairobi. Ananijua tangu niolewe. Hakunisalimia. Alikuwa anaangalia tumbo, si uso.

Nina miaka arobaini na minane. Nimechoka kutabasamu.

Jumanne, 18 Februari

Nilinunua kipimo cha mimba duka la dawa la mbali, huko wasikonijua. Nikapima chooni kwa Nafula, Donholm, yeye akiwa kazini. Binti yangu ana choo cha ndani na mlango unaofungwa vizuri.

Hakuna mimba.

Nimekaa pale nikilia. Nilitaka iwe mimba. Hata kama ni aibu, hata kama haiwezekani. Mimba ina mwisho unaojulikana. Kama si mtoto, ni nini kinachokaa humu?

Nimekitupa kipimo. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 20 Februari

Achieng alinivuta nyuma ya kibanda. Alisema ni afadhali nisikie kwake. Watu wanasema mimba ni ya Mzee Mutiso. Huyu ni mjane mwenye buchari ya mbele yetu, ananiuzia matumbo. Eti ndiyo sababu ananichagulia mazuri.

Nilicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha. Achieng alinishika mabega. Sikupenda alivyoniangalia.

Jumatatu, 24 Februari

Siwezi kulala chali. Maji au hewa au sijui nini inapanda kifuani. Nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Nikipanda ngazi za kanisa nasimama katikati kama bibi kizee.

Nimefikiria kumpigia Nafula. Ana wiki ya hesabu za ofisi. Ngoja.

Ijumaa, 28 Februari

Baba Nafula amefika. Nilikuwa nimempikia kuku.

Aliingia, akaweka begi, akaniangalia. Alikula, akanawa. Alikaa muda mrefu akiangalia sakafu, na nilijua kichwani anafanya hesabu, anarudisha miezi nyuma. Halafu akasema neno moja tu.

"Oktoba."

Oktoba hakuja nyumbani. Wala Novemba. Alikuja Krismasi.

Agneta alikuwa ameshampigia simu. Alikuja akijua tayari atakachokiona. Nilimwambia mimi ni mgonjwa. Akauliza ni ugonjwa gani huo unaofanana na mimba. Sikuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma, sikuwa na jibu.

Amechukua begi lake ameenda kulala kwa dada yake.

Jumamosi, 1 Machi

Nina hasira kuliko hofu. Achieng, niliyemwambia leo kuhusu kile kipimo, ananiuliza kwa nini sikumwambia mume wangu. Sijui. Ninajua. Miaka ishirini na sita nimelala kitanda kimoja na mtu huyu. Sitaki kuaminiwa kwa sababu ya kijiti nilichokikojolea.

Ujumbe wa Baba Nafula umekuja kwa simu. Kesho baada ya kanisa kuna kikao hapa nyumbani. Kaka yake mkubwa anakuja kutoka Dandora.

Jumanne, 4 Machi

Naandika nikiwa wodini. Mkono una sindano, mwandiko ni mbaya.

Jumapili walikuja. Kaka mkubwa, Agneta, Baba Nafula. Niliwawekea soda. Kaka alifungua kwa maombi, halafu akasema hawakuja kwa ugomvi, wamekuja kuuliza jambo moja tu, nalo ni jina la mtu. Niseme jina, wazee wajue pa kuanzia.

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa nimeyapanga asubuhi yote. Nikafungua mdomo, pumzi ikatosha maneno mawili. Nikavuta nyingine, ikagota njiani. Nikashika ukingo wa meza. Wao walikuwa wananiangalia. Agneta akasema kwa sauti ya chini, "Mnaona? Hawezi hata kusema." Kaka akatikisa kichwa. Walidhani ni aibu. Nilikuwa nazama nikiwa nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe, na watu watatu wananingoja nitaje mwanamume.

Nafula aliingia bila kubisha. Achieng alikuwa amempigia. Aliniangalia mara moja tu.

"Baba, midomo ya mama ni ya buluu. Nyinyi mnamfanyia kikao?"

Nafula aliniinua. Baba Nafula alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alinishika upande wa pili. Tulitoka hivyo hadi kwenye teksi, majirani wote wa safu yetu nje kama kuna maziko.

Hospitalini walipima mimba kwanza. Lazima, alisema nesi. Aliyasoma majibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei. Hakuna mimba. Baba Nafula alikuwa amesimama karibu na pazia. Sikumwangalia. Nilidhani nitafurahi. Sikuhisi lolote.

Halafu wakaweka mashine tumboni. Yule wa picha alikuwa anaongea na mwenzake habari za mpira. Akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano, 5 Machi

Wametoa maji. Mrija kwenye tumbo, na mwingine mbavuni upande wa kulia, kwa sababu hata kifuani yalikuwepo. Rangi ya chai nyepesi. Ndoo baada ya ndoo, naona hivyo. Sikujua mtu anaweza kubeba maji mengi kiasi hicho akaendelea kuuza supu.

Nimepumua. Mungu wangu, nimepumua hadi chini. Nililia kwa raha.

Yale maji yamepelekwa maabara. Picha imeonyesha uvimbe pande zote mbili, kwenye vifuko vya mayai. Daktari hakutaja jina la ugonjwa. Alisema tungoje. Nilimwona akiepuka macho ya Nafula.

Ijumaa, 7 Machi

Kungoja. Wamenipitisha kwenye mashine kubwa kama pipa lililolala. Wamechoma sindano ya kuchukua kinyama kidogo.

Baba Nafula anakaa kwenye benchi la nje. Haingii. Nafula anasema hajarudi Voi, ameomba ruhusa kazini. Mimi sijamwita. Akae.

Mzee Mutiso alituma uji kwa mkono wa Achieng. Nikaunywa wote, kwa makusudi.

Jumatano, 12 Machi

Ni saratani. Ya ovari.

Niandike yote kabla sijasahau. Daktari ni mwanamke, wa umri wangu hivi, mpole lakini hazunguki. Alikaa kitandani, akachora nyuma ya karatasi ya bahasha. Baba Nafula aliitwa aingie. Alisimama miguuni.

Niliuliza imefika wapi. Alisema saratani nyingi hupitia damu, lakini hii hupenda njia ya mkato. Ovari zinaning'inia tumboni, hazina ukuta wa kuzizuia. Chembe zikishaota pale zinadondoka, kama chenga. Na tumbo la kila mtu lina maji kidogo ya kulainisha utumbo usisuguane. Zile chembe zinaelea humo. Zinakwenda popote maji yanapokwenda. Zikikuta mahali pazuri zinashika na kuota.

Mahali zinapopapenda kwanza ni utando wa mafuta unaofunika utumbo. Alianza kunieleza ulivyo. Nikamwambia naujua. Naushika kila siku Burma, ule wavu mweupe unaolala juu ya matumbo ya mbuzi, mzuri kama kitambaa cha harusi. Wangu picha inaonyesha umekunjamana, umekuwa kama keki ngumu. Nilitapika kwenye beseni alipotoka. Si kwa ugonjwa. Ni kwa sababu niliuona.

Kutoka hapo zimeshika ngozi ya nje ya utumbo, ndiyo sababu nashiba kwa vijiko viwili. Zimeshika juu ya ini, juujuu tu, si ndani. Zimeshika chini ya ile nyama nyembamba inayotenganisha tumbo na kifua. Pale ndipo maji hunyonywa yatoke. Chembe zimeziba njia, maji yakakosa pa kwenda. Ndiyo tumbo. Ndiyo mimba ya Mzee Mutiso.

Niliuliza maji yanapandaje juu hivyo wakati mtu anatembea wima. Alisema ni pumzi. Kila nikivuta pumzi, kifua kinayavuta juu.

Kwa hiyo ni mimi. Nilimwambia hivyo, kwamba ni mimi mwenyewe niliyekuwa naisambaza.

"Mama, hukukosea kwa kupumua," alisema.

Nimeirudia sentensi hiyo mchana wote.

Kilichobaki ni yale maji ya kifuani. Tezi za nyuma ya tumbo nazo zimevimba, lakini hizo bado ni za tumbo. Kama maji ya kifua yana chembe, basi imevuka ukuta. Majibu hayajatoka.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari aliuliza mama yangu alikufa kwa nini. Nikasema tumbo. Nilikuwa shuleni, darasa la sita. Alivimba, akakonda mikono, kijijini wakasema amelogwa na mke mwenza. Yule mke mwenza alifukuzwa. Alikuwa mwanamke mwema, alikuwa ananisuka.

Daktari aliandika. Halafu akasema taratibu kwamba Nafula naye apimwe damu, kwa sababu wakati mwingine hutembea kwenye familia, mama kwa binti.

Haya ya tumboni mwangu nimeweza kuyasikiliza. Hili siliwezi. Nafula alikuwa dirishani na simu. Sijui kama alisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Nafula aliingia peke yake. Alivuta kiti. Amezeeka ghafla, ndevu nyeupe zimeota.

Hakuzungusha maneno. Alisema aliamini. Si kwamba Agneta alimdanganya, yeye mwenyewe aliamini, ndani ya treni njia nzima alikuwa akipanga maisha bila mimi. Nilimuuliza alipanga vipi. Akasema alishaamua ni nani atakayechukua kabati.

Kabati! Nilitaka kumpiga. Nilitaka kucheka pia.

"Nisamehe, Mama Nafula."

"Leo siwezi."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Alichukua beseni akaenda kuliosha. Alirudi nalo, akakaa.

Jumanne, 18 Machi

Zimo. Maji ya kifua yana chembe.

Hatua ya nne. Daktari hakuipamba. Alisema hawezi kuniahidi kuiondoa yote isirudi. Anaweza kuirudisha nyuma, kuikalisha, kunipa muda. Muda gani? Hajui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Kwanza dawa ya mishipani, mizunguko mitatu, ili chembe zote hizi zikauke. Halafu upasuaji. Halafu dawa tena.

Nilimuuliza ingekuwaje kama ningekuja Desemba. Alisema ugonjwa huu hujificha, wengi hufika kwake wakiwa hapa nilipo. Ni jibu la huruma. Bado nawachukia wale wa gesi, amiba na vidonda vya tumbo.

Nafula hakulia mbele yangu. Alilia kwenye korido, nikamsikia. Nilitaka kufa siku hiyohiyo nisimsikie.

Jumatano, 9 Aprili

Dawa ya kwanza. Kiti cha plastiki, chupa juu, saa nyingi. Wanawake sita chumba kimoja. Mmoja wa Kayole aliniambia mumewe naye alidhani ni mimba, akafurahi, akanunua kitanda cha mtoto. Hatukujua tucheke au vipi.

Napata baridi kwenye mifupa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nywele zimetoka zote kwa siku mbili. Ulimi una ladha ya msumari. Vidole vya miguu havisikii sakafu.

Agneta alikuja. Nilidhani amebeba kuni za maneno, amekuja kuwasha moto tena. Hapana. Alisimama mlangoni, akasema nguo chafu ziko wapi. Akafua nje kwenye karai, mbele ya majirani walewale. Hakuomba msamaha. Aling'ang'ana na shuka moja mpaka nikaogopa itachanika. Halafu akaenda.

Sijui niiite nini hiyo. Shuka zimetakata.

Jumamosi, 24 Mei

Picha mpya. Tumbo halina maji. Kifua kikavu. Ule utando umelegea, uvimbe umepungua. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza, nikaona ana pengo.

Sitaki kutumaini. Natumaini. Kunachosha kuliko dawa.

Upasuaji ni mwezi ujao.

Jumatano, 18 Juni

Kesho. Nimekatazwa kula. Nimemwambia Achieng kibanda ni chake nisiporudi, akanifokea. Nimemwambia Nafula aende apimwe, hata iweje. Alisema ataenda. Nilimwambia aniangalie machoni akisema. Akaniangalia.

Baba Nafula alikuwa kitandani pembeni akiniwekea soksi. Moja aliivua akanivalisha upya mara mbili. Mimi siogopi. Nimechoka sana kuogopa.

Alhamisi, 26 Juni

Niko hai.

Wametoa kizazi, ovari zote mbili, utando wa mafuta wote, na kipande kidogo cha utumbo. Wamekwangua chini ya ule ukuta kati ya tumbo na kifua. Kuna chenga nyembamba walizoziacha, mahali kisu hakifiki. Daktari alisema hivyo hivyo bila kuficha. Dawa itazifuata.

Mshono ni mrefu, kutoka juu ya kitovu mpaka chini kabisa. Nikikohoa nashika mto.

Jumanne, 15 Julai

Nafula amepima. Anayo. Si ugonjwa, ni kasoro tu ya kurithi, aliyonipa mama, nami nikampa yeye. Ana miaka ishirini na tano.

Alinieleza akiwa ameinua kidevu, kama mtu anayesoma ripoti kazini. Watamfuatilia. Akishapata watoto wanaweza kutoa ovari mapema, kabla hazijaanza lolote. Alisema, "Mathe, sasa mimi najua. Shosho, mamako, hakujua. Wewe hukujua."

Nilimshika mpaka akasema mshono wako, mama.

Nimemkumbuka yule mke mwenza aliyenisuka. Kama yuko hai ningemtafuta.

Alhamisi, 28 Agosti

Dawa ya mwisho ya awamu hii imekwisha. Damu inaonyesha kipimo kimeshuka, hakijafika pale daktari anapopataka. Atanipima kila baada ya muda. Akasema niishi.

Burma nimeenda kusalimia tu. Mzee Mutiso alisimama nyuma ya kaunta akavua kofia. Hakujua mikono aiweke wapi. Kumbe naye alinyanyaswa na uvumi ule. Watu waliacha kununua kwake kwa muda. Hakuniambia, Achieng ndiye aliyeniambia.

Baba Nafula alikuja kunichukua. Alimpa Mzee Mutiso mkono. Walizungumza habari ya bei ya ng'ombe.

Jumapili, 21 Septemba

Hatukwenda kanisani. Mvua kidogo asubuhi, halafu jua. Watoto wanacheza mpira karibu na ukumbi wa mtaa, kelele zinafika hapa.

Baba Nafula ameacha Voi. Amepata kazi ndogo ya stoo hapa Nairobi. Sijamsamehe yote. Mengine nimeyasahau, na mengine yanarudi tu nikiliona lile kabati.

Leo nimemfundisha kupika mrenda, ile mboga ya kuteleza. Mtu huyu hajawahi kupika chochote zaidi ya chai. Mimi niko kwenye kiti mlangoni, yeye jikoni na aproni yangu. Nilimwambia achambue majani, asitupe machanga. Magadi kidogo, kidogo sana. Asikoroge kama anayechanganya saruji. Alimwaga mara mbili. Kila kitu alirudia kwa sauti ili kisipotee.

Hakuuliza kwa nini namfundisha sasa. Nadhani anajua. Nadhani anajua pia kwamba sitaki aulize.

"Chumvi imetosha?"

"Onja mwenyewe."

Alionja. Alifikiri. Akaongeza kidogo.

Tulikula nje. Nilimaliza sahani.